Transista Moja Ilichoka Kupita Ingine



Tunaandika habari hii kwa sababu kuko deni. Sisi, kapita wa wanafunzi, ndio tunaopanga kazi za internati: nani atateka maji, nani atafagia. Mnajua vile tunapenda kusema, "Kila mutu na zamu yake." Basi sikieni yenye ilitupata.

Hapa Kampemba umeme unaweza kukatika jioni, saa ile ile ya kujifunza, na sisi wa mwaka wa sita Egzameni ya Serikali inatungoja. Kwa hiyo katika kilabu ya fizike tulianza kutengeneza konvertisa, ya kutwaa volti 12 za batri ya motokari na kuzigeuza kuwa volti 220 za taa. Ndani yake kuko transista mbili kubwa zinazofanya kazi kwa zamu: moja inasukuma umeme upande huu wa transfo, ingine upande ule, mara 50 kwa sekunde. Mwenye kuzipigia kengele ni kidude cheusi cha miguu 8, jina lake 555. Kilichorwa mwaka 1971 na Mswisi Hans Camenzind kwa kampuni Signetics ya Marekani. Chetu tulikipata kwa fundi wa radio, Bel-Air.

Tuliwasha. Nusu saa haijaisha, transista moja ilikuwa moto wa kuchoma kidole, ingine baridi. Transfo nayo ilinguruma.

Sababu ni hii. Ile 555 inatazama kondensateri. Ikijaa mpaka theluthi mbili za volti, inaanza kuimwaga. Ikishuka mpaka theluthi moja, inaijaza tena. Lakini wakati wa kujaa umeme unapita katika rezistansi mbili, na wakati wa kushuka unapita katika moja tu. Sisi tuliweka rezistansi mbili za kilo-omu 100 na kondensateri ya mikrofaradi 0.1. Kujaa kulichukua milisekunde 14, kushuka milisekunde 7. Basi transista moja ilifanya kazi mara mbili ya mwenzake.

Usiku ule tulibaki peke yetu katika laboratware. Tulijiambia: tuondoe rezistansi ya kwanza, tuweke waya, kutakuwa usawa. Hatukukumbuka kama ndani ya kidude, mguu wa 7 unafungua njia ya kwenda chini. Bila rezistansi ile, umeme wote wa batri unapita pale. Kidude kilitoa harufu, kikafa. Na kilikuwa kimoja tu.

Asubuhi, kijana mmoja mdogo ndiye aliyefagia laboratware. Mwalimu alipouliza, watu walimuonyesha yeye. Alitutazama, akasema: "Yaya kapita, haiko miye. Niliikuta vile."

Tulijua. Tukanyamaza. Tena ni mkono wetu ulioandika jina lake: kuteka maji siku 3.

Mwalimu alinunua 555 ingine kwa mafranka yake. Alituambia kwamba mutu anaweza kuweka diode kando ya rezistansi ya pili, ili kila rezistansi iwe na safari yake. Lakini diode nayo inakula volti kidogo, usawa haufiki kabisa. Njia bora ni kutoidai 555 usawa. Iache ipige mara 100 kwa sekunde, hata kwa kuchechemea, na nyuma yake weka kidude kingine, 4013. Hiki kinageuka kila mara 555 inapopanda: mara hii kulia, mara ingine kushoto. Na kati ya kupanda na kupanda muda ni ule ule. Tuliweka kilo-omu 10 na kilo-omu 68, kondensateri ile ile. Voltimeta ikasoma volti 6 upande huu, volti 6 upande ule. Transista zote mbili zikawa vuguvugu sawasawa.

Yule kijana alikuwa mlangoni anatazama, ndoo mkononi. Akauliza: "Yaya, sasa hakuna yenye itachoka kupita ingine?"

Hatukuweza kumjibu. Jioni tulienda kwa mwalimu, tukamueleza yote. Hakutugombeza. Alisema tu: "Mimi umeniambia. Yeye je?"

Tukamwambia. Hakukasirika, hakucheka. Alisema, "Siku 3, yaya," akaenda zake.

Wiki iliyopita mliona kapita anabeba maji siku 3, na wengine mlicheka. Sasa mnajua sababu. Kijana yule hakuunguza kitu. Mwenye bado anamuita mharibifu, aache.

Taa ya konvertisa inawaka. Na ninyi mtakaoibakia mwaka ujao: rezistansi ya kwanza msiishushe chini ya kilo-omu 1, na msiiondoe hata siku moja.