Soma kibandiko kabla ya kutuma pesa

Mpwa wangu,

Nimeupata ujumbe wako kwamba umeiona kadi ya grafiki ya mtumba huko Mombasa, GTX 970, bei imeshuka, na muuzaji anataka pesa kabla ya Ijumaa. Nakuomba usitume.

Kompyuta yako ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mnara, ya mwaka 2012. Ni mashine imara na imekulisha hapo Kombani tangu ufungue duka. Lakini ilitengenezwa kwa karani wa ofisi huko Ulaya, si kwa mtu anayehariri harusi ya Tiwi iliyopigwa kwa kamera tatu. Pawa saplai yake ni ya wati 275. Piga hesabu nami. Prosesa yako ya i5-3470 inaweza kula wati 77. Madabodi, ram, diski na feni, tuseme 40. GTX 970 peke yake wati 145. Jumla ni 262, nawe utaniambia, mjomba, inatosha.

Haitoshi, mwanangu. Pawa saplai hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 10, imekula vumbi la njia panda na unyevu wa pwani, na sehemu zake zimechoka. Isitoshe, kadi hiyo inadai nyaya mbili za pini sita kutoka kwenye pawa saplai, na yako haina hata moja. Hapo ndipo utakapouziwa adapta ya kuunganisha kwenye waya wa sata, ule wa diski. Nieleze vizuri maana hili ndilo linaloninyima raha. Kiungo cha sata kimekadiriwa ampia 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali tundu moja la pini sita linaruhusiwa kuvuta 75. Kikizidiwa hupata moto, plastiki ikayeyuka. Nami najua wewe huiacha mashine ikamilishe video usiku, umeshafunga duka na kwenda kulala.

Sloti yenyewe ya madabodi, ile ndefu, imewekewa kikomo cha wati 75. Tafuta kadi inayoishi kwa hizo tu. Mimi ningechagua GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye memori ya GB 4. Tahadhari: watengenezaji wengine waliiongezea tundu la pini sita, kwa hiyo itazame ukingoni kwa macho yako, usiridhike na jina kwenye boksi. GTX 1050 Ti ya 2016 nayo ni ya wati 75, lakini mwaka 2025 Nvidia walifunga mlango wa draiva mpya za kawaida kwa kizazi hicho, yakabaki marekebisho ya usalama tu. Ichukue ikiwa bei ni ya chini kweli. GT 1030 na RX 6400 zinakula kidogo, ila zote mbili hazina kile kipande cha kubana video unapoitoa, na hiyo ndiyo kazi yako ya kila wiki.

Usinunue bila kuiona ikiwaka. Zipo kadi kuukuu zilizobandikwa jina jipya hata kwenye bayosi zake, na Windows hudanganyika nazo. Washa programu ya GPU-Z hapo hapo dukani, kisha ifanyishe kazi nzito kwa muda ukisikiliza feni. Muuzaji akikataa, vuka feri urudi zako. Kwa upande wa mashine, sasisha bayosi kwanza, kwa sababu kompyuta za umri huo wakati mwingine hazionyeshi picha mpaka lifanyike hilo.

Hujaniambia ram ni ngapi. Ikiwa bado ni GB 4 au 8, anzia hapo: ram za DDR3 za mtumba kwa kawaida ni nafuu kuliko kadi hizo, nawe ifikishe 16. Na kabla ya kuhariri, tengeneza nakala ndogo za video, uhariri hizo, kisha programu irudi kwenye zile kubwa wakati wa kutoa. Hilo halikugharimu hata shilingi, na huenda likakuvusha msimu huu wa harusi.

UPS usiiache. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kinachopigwa kwanza ni pawa saplai.

Sasa fungua kifuniko, zima na uchomoe waya kwanza, upige picha kibandiko cha pawa saplai mahali palipoandikwa ampia za volti 12. Nitumie leo. Nikishaiona nitakwambia kama nikuongezee M-Pesa ya kadi au tuanze na ram.

Mjomba wako