Vikapu vya Lodwar: Ufumaji usiohitaji kitanda

HUENDA umewahi kukiona kikapu cha Turkana bila kujua kilikotoka. Huuzwa katika masoko ya vinyago jijini Nairobi, hupangwa mbele ya maduka ya watalii kule Mombasa, na katika nyumba nyingi za mjini huwekwa pembeni kikatunza vitunguu, magazeti au nguo za mtoto. Ni kikapu kigumu, kilichoshonwa kwa majani yaliyobanana sana, chenye mistari ya rangi ya kahawia inayokizunguka tangu kitako hadi mdomoni. Leo hebu tufunge safari twende tukaone kinakozaliwa.

Ukiondoka Kitale asubuhi, una kilomita zipatazo 300 mbele yako. Utapita Kapenguria, uteremke milima ya Pokot hadi Marich, kisha Kainuk na Lokichar. Kadiri barabara inavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Sweta uliyoivaa Kitale utaivua, na chupa ya maji utaikumbuka kila baada ya dakika chache. Miti hupungua, ikabaki migunga na vichaka vya mathenge, na mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani la mwisho. Halafu, pale unapodhani kwamba nchi imekwisha, unaiona mikoma mirefu imejipanga kando ya mto Turkwel. Umefika Lodwar.

Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti ya Turkana. Ni mji uliozungukwa na vilima vya mawe meusi, wenye pikipiki nyingi, samaki wakavu kutoka ziwani na jua lisilo na masihara. Wanafunzi wa historia watakumbuka kwamba mwaka 1959, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung, Mzee Jomo Kenyatta aliletwa hapa na serikali ya kikoloni akawekwa kizuizini. Nyumba aliyokaa imehifadhiwa. Wakoloni walipachagua hapa kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Lakini mwenyeji wa Lodwar hayuko mbali na chochote. Yuko kwao.

MTI WA MAMBO MENGI

Ili uelewe kikapu, anza na mkoma. Waturukana huuita eengol. Tofauti na mnazi wa pwani, shina la mkoma huu hugawanyika likatoa matawi, na kila tawi lina shungi lake la majani yaliyokunjuka kama kipepeo cha kupulizia moto. Tunda lake ni gumu, la rangi ya kahawia, na watoto hulitafuna nyama yake ya juu kwa saa nzima. Majani huezekea vibanda. Kule, mwenye kujenga nyumba ni mwanamke: yeye husimamisha akai, kibanda cha kulala usiku, na ekol, kivuli cha kukaa mchana. Kwa hiyo usistaajabu kwamba mikono ile ile inayojenga nyumba ndiyo inayoshona vikapu.

Kazi yenyewe huanza na majani machanga ya katikati, yale ambayo bado hayajafunguka. Hukatwa, hupasuliwa vipande vyembamba na kuanikwa juani. Vingine hubaki na rangi yake, nyeupe iliyokaribia manjano. Vingine huchemshwa pamoja na magamba au mizizi ya miti, au kwa rangi ya unga ya dukani. Kabla ya kushona, majani hulowekwa ili yasivunjike.

Hapo sasa mama huketi chini kivulini, miguu ameinyoosha mbele. Huchukua kifungu kidogo cha majani au nyuzi, akakikunja kama konokono. Hicho ndicho kitovu cha kikapu. Hukizungushia ukanda wa jani, akatoboa kwa chuma chenye ncha katika mzunguko uliotangulia, akapitisha ukanda, akavuta, akakaza. Toboa, pitisha, vuta. Kila mshono unashika mzunguko wa chini yake, na kwa hiyo kikapu kizima ni kamba moja ndefu iliyojizungusha na kujishona yenyewe. Akitaka kitako kiwe kipana, huuweka mzunguko mpya kando ya ule wa zamani. Akitaka ukuta uanze kupanda, huuweka juu yake. Hakuna kipimo cha fundi wala mchoro wa karatasi. Hesabu iko kichwani: mishono mingapi myeupe kabla ya wa kahawia, na mizunguko mingapi kabla ya nyota kukamilika.

Na raha yake? Mwulize yeyote aliyezoea kazi ya mikono. Kwanza ni utulivu. Baada ya mizunguko michache vidole vinajua njia, na akili inakuwa huru. Pili ni mazungumzo. Wanawake huketi watatu au wanne chini ya mti mmoja, na habari za ndoa, mvua, ada ya shule na bei ya unga hupita kati yao bila kazi kusimama. Mtoto akilia, kikapu huwekwa chini. Akinyamaza, huokotwa na kuendelea pale pale kilipoachwa. Ni kazi gani ya ofisini inayokubali hivyo?

MBONA HAKUNA KITANDA CHA MFUMI?

Huenda unajiuliza, mbona watu hawa hodari wa kufuma hawafumi nguo? Nchi jirani zina sifa hiyo. Wafumaji wa Ethiopia bado hufuma shuka zao nyeupe za pamba kwa mkono. Mogadishu nayo ilikuwa na vitambaa vilivyouzwa hadi Misri, na Ibn Battuta aliyetembelea mji huo mwaka 1331 aliviandika. Lakini kitanda cha mfumi hutaka pamba, na kwa kawaida hutaka mtu aliyetulia mahali pamoja. Mturukana ni mfugaji. Mvua ikinyesha kule, anahamia kule. Nguo zake za jadi zilikuwa ngozi za mbuzi zilizolainishwa na kupambwa kwa shanga. Kikapu kinachokua magotini, ambacho chaweza kufungwa juu ya punda kabla hakijaisha, ndicho kitambaa kilichomfaa.

Tofautisha pia na ufundi wa pwani. Mama wa Lamu au Pemba husuka ukili kwanza, mrefu kama mkanda, halafu akaushona ukawa mkeka au kikapu. Mkamba naye husokota nyuzi za kiondo chake. Mturukana hasuki wala hasokoti, bali huzungusha na kushona. Majirani watatu, na kila mmoja ana njia yake ya kulituliza jani au uzi.

HADI KAKUMA

Kutoka Lodwar, shika barabara ya Lokichoggio. Baada ya kilomita 120 hivi za lami utafika Kakuma, kando ya mto Tarach ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Wageni wengi wameandika vitabuni kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo popote." Wewe unayesoma ukurasa huu unajua kwamba Kiswahili hakina neno hilo. Hata hivyo uongo huo umezunguka dunia, labda kwa sababu watu walitaka uwe kweli.

Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapa mwaka 1992, vijana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita wakikimbia vita walipowasili. Leo Kakuma pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wapatao 300,000 kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wakimbiaji watano wa kikosi cha wakimbizi walitoka hapa.

Ukitaka kuingia kambini, omba kibali kwanza. Na ukipata nafasi ya kukaribishwa nyumbani kwa mama wa Sudan Kusini, tazama kitandani na ukutani. Utaona milaya, shuka iliyotariziwa kwa mkono maua, ndege na tausi wa nyuzi za rangi kali. Msichana huanza kujifunza mapema, na shuka nzuri hutandikwa kwa ajili ya mgeni au arusi. Aliyekimbia vita hawezi kubeba ng'ombe wala nyumba. Sindano na ufundi wa vidole, hivyo hubebeka.

Kati ya wenyeji na wageni kumekuwa na mivutano kuhusu kuni, maji na malisho. Lakini sokoni hukutana kila siku: Mturukana analeta kuni, makaa, mbuzi na vikapu, mkimbizi ana duka, na Kiswahili kinakaa katikati yao kama mizani. Kazi ya mikono si mchezo kwa upande wowote. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Mwaka 2025 nao mgao wa chakula kambini ulipunguzwa sana. Katika siku kama hizo, kikapu au shuka iliyouzwa ni unga wa jioni hiyo.

BEI YA HAKI, NA MKOMA WENYEWE

Hapa ndipo sisi watu wa mjini tunapoingia. Tunapenda kukomboa bei, na si dhambi. Lakini tufanye hesabu kidogo. Tuseme kikapu kimemchukua mama siku nne, nawe unakipata kwa shilingi 600. Hiyo ni shilingi 150 kwa siku, kabla ya kuhesabu majani, rangi na mwendo wa kwenda kuyakata. Ukimpunguzia hadi 400, umemlipa shilingi mia moja kwa siku. Je, wewe ungefanya kazi kutwa kwa fedha hizo? Uliza kikapu kimechukua siku ngapi, ndipo utaje bei.

Jambo la pili ni mti. Mkoma hukua polepole, na jani changa la katikati ndilo uhai wake. Ukikatwa kila mara bila kupumzishwa, unadhoofika. Wazee wa Turkana walilijua hilo tangu zamani. Kandokando ya mito wana desturi iitwayo ekwar, ambayo humpa mtu na jamaa yake haki ya kutumia miti ya sehemu fulani, na hivyo kuilinda. Lakini miji inakua, watu wanaongezeka, na maji ya Turkwel hayafuriki kama kabla ya bwawa lililokamilika mwaka 1991. Desturi ile inahitajika leo kuliko jana.

JARIBUNI NYUMBANI

Si lazima mngoje safari. Jumapili hii, wazazi na watoto, tafuteni kamba nene ya mkonge, khanga kuukuu na sindano kubwa ya kushonea magunia. Chaneni khanga vipande vya upana wa vidole viwili. Kunjeni ncha ya kamba kama konokono, izungushieni kipande cha khanga, na kila baada ya mizunguko mitatu ya kitambaa, pitisheni sindano katika safu iliyotangulia mkaze. Chenu cha kwanza kitapinda. Msijali, kitawekwa funguo. Cha pili kitasimama.

Na mkifika Lodwar siku moja, msalimuni mama aliyeketi kivulini: "Ejoka?" Atawajibu, "Ejok-noi." Kisha ketini, mtazame vidole vyake kwa dakika kumi kabla ya kuuliza bei. Mtaifahamu bei hiyo vizuri zaidi.