Samaki ya Mbegu

Sisi wa mwaka wa sita mmezoea kutusikia juu ya mistari na kufagia darasa. Leo tunaandika juu ya samaki.

Hapa Butembo jamaa nyingi ziko na kidimbwi kule chini ku bonde, na tilapia wa kidimbwi wanasaidia kulipa minervali. Kwetu samaki wako ndani ya pipa lililokatwa nusu, nyuma ya jiko. Hatuwauzi wala hatuwali. Ni mbegu. Baba mdogo alikimbia upande wa Beni kwa ajili ya mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, na kidimbwi chake kilibaki kule. Alinunua tisa hapa kwa jirani. Anasema siku ya kurudi hatarudi mikono mitupu.

Kuwatunza si mchezo. Butembo ni juu, zaidi ya mita 1700, maji ni baridi kupita ya Beni. Tilapia ni samaki wa joto: maji yakishuka chini ya digri 20, anakula kidogo sana. Ukimtupia pumba mingi, inabaki, inaoza, na kule kuoza kunamaliza hewa ya maji. Kiisha watu wanasema alikufa kwa njaa. Njaa gani? Pumba ndiyo ilimwua!

Tunawatazama alfajiri, maana usiku hewa ya maji inapunguka. Tukiwakuta wanapanua midomo juu ya maji, tunatoa sehemu ya tatu na kumwaga maji mapya toka juu, polepole. Maji ya robine yenye klore tunayaacha kwanza ku beseni siku nzima. Na maji ya kuloweka muhogo yasikaribie hata kidogo, yako na sumu.

Siku moja ya jua kali, jike mmoja alikataa kula. Wadogo wetu wakasema ni mgonjwa, tumtoe. Baba mdogo akakataza: «Tazameni kinywa.» Kumbe alikuwa amebeba mayai mule ndani! Jike ya tilapia inafanya hivi mpaka watoto waweze kuogelea. Tungemshika, pengine angeyatema yote.

Sasa watoto ni wengi, pipa halitoshi, na njia ya kurudi bado. Yule aliye na pipa kwao atuone ku mapumziko. Tutampa wachache awalinde pamoja nasi.