Batri Ikikufa, Foto Zako Ziko Wapi?

Baba na Mama wasomaji, na ninyi vijana mnaosoma gazeti hili mkiwa mmelikunja ndani ya mfuko wa kazi, mwezi huu nataka tuseme juu ya batri. Usicheke. Najua unangojea kwa mchungaji maneno ya ndoa ao ya malezi ya watoto, na hayo yatakuja kwa zamu yake. Lakini katika nyumba nyingi ninamoingia, kwa wagonjwa na kwa wenye kilio, naona jamaa wameweka karibu maisha yote ndani ya simu moja: foto za harusi, sauti ya baba aliye mbali, namba za ndugu, franka za bukari ya kesho, hata majina ya wenye madeni yetu. Na simu hiyo inasimama juu ya kitu chembamba kama biskuti, chenye miaka michache tu ya kuishi. Siku kikikufa, vitu vile vyote viko wapi? Hilo ndilo ulizo langu.

Tulipokuwa watoto kambini hatukusema batri. Tulisema mawe ya radio. Yalipochoka, baba aliyapanga juu ya mabati yapigwe na jua, na jioni radio ilisema tena kwa nusu saa, halafu sauti ikaanza kuzama kama mtu anayesinzia. Mawe yale hayakuwa mawe, lilikuwa jina tu. Lakini batri ya simu, hiyo ni jiwe kweli, na wewe msomaji wa Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Kambove unalijua vizuri kuliko watu wengi wa dunia hii, maana ni kobalti. Karibu sehemu 70 kwa mia za kobalti inayochimbwa duniani zinatoka katika inchi yetu. Mwaka 2014 iligunduliwa hata chini ya nyumba za watu pale Kasulo, mjini Kolwezi, na watu wakaanza kuchimba ndani ya lupango, wengine ndani ya nyumba yenyewe.

Acha nieleze kidogo namna inavyofanya kazi, kwa sababu mtu akijua kitu atakitunza. Ndani ya batri kuna karatasi mbili nyembamba za chuma. Moja imepakwa unga wa kobalti na litiamu, nyingine imepakwa kaboni, ndugu wa makala tunayopikia. Kati yao kuna ngozi nyembamba sana ya kuzitenga, na yote yamelowana ndani ya majimaji yanayoweza kuwaka. Ukijaza umeme, litiamu inasukumwa itoke upande wa kobalti iende ikae upande wa kaboni. Ukitumia simu, inarudi. Ni kama wafanyakazi wa posti: asubui wanashuka, jioni wanapanda. Na kama vile mgodi, kila safari inakula kitu kidogo. Batri nyingi, kiisha kujazwa na kumalizika mara 500 hivi, zinabaki na sehemu 80 kwa mia ya nguvu yao ya kwanza. Basi ukiona simu yako ya miaka mitatu haifiki saa sita ya mchana, usitafute mchawi.

Watu watatu walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi hiyo. Mmoja wao, John Goodenough, ndiye aliyeonyesha mwaka 1980, kule Oxford katika Uingereza, kwamba kobalti inafaa kwa upande ule mmoja. Alipopewa zawadi alikuwa na miaka 97. Mjapani Akira Yoshino akatengeneza batri iliyo salama mwaka 1985, na Sony ikaanza kuiuza mwaka 1991. Ninyi wakubwa mnakumbuka 1991 ilikuwa nini kwetu. Ulikuwa mwaka wa uporaji, mwaka mmoja tu kiisha kubomoka kwa mgodi wa Kamoto, Septemba 1990. Wakati ule kobalti yetu ilitumiwa zaidi kwa vyuma vikali vya mashine za ndege, kwa sumaku na kwa rangi. Sisi tulikuwa tunatafuta unga wa kupika, na mbali kule watu walikuwa wanafungua soko la jiwe letu bila sisi kusikia hata neno moja.

Tuache hayo, turudi nyumbani.

Nimesikia mara nyingi wazazi wakiwaambia watoto: «Usitie simu kwenye umeme kama haijakufa kabisa, utaharibu batri.» Maneno hayo yalikuwa kweli kwa batri za zamani za nikeli. Kwa batri za leo si kweli, tena ni kinyume. Batri ya litiamu haipendi kuuawa kila siku, wala haipendi kujazwa mpaka mia kwa mia halafu kubaki hivyo katika joto usiku kucha. Inapenda kukaa katikati. Ukiweza, ijaze inapofika 20, uitoe inapofika 80.

Nasema ukiweza, kwa sababu nakaa pamoja nanyi na najua ginsi umeme unavyokuja. Unakuja saa nane ya usiku, na mama anaamka kutia simu tatu, taa na kompyuta ya mtoto kwa mara moja, maana kesho nani ajuaye. Simwambii alale. Ninamwambia tu mambo mawili. Kwanza, umeme ukirudi, ungoje dakika chache kabla ya kuunganisha vitu, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa nguvu isiyo sawa, na nguvu hiyo ndiyo inachoma. Pili, simu inayojazwa isilale chini ya mto ao ndani ya blanketi pamoja na mtoto. Joto linatafuta pa kutokea, na hapo halina njia. Iweke juu ya sahani ao juu ya saruji, fasi inayopita hewa. Na wewe unayefanya kazi juani, usiiache juu ya kiti cha motokari ao mbele ya kioo.

Sasa nieleze habari ya mama mmoja wa kanisa letu, bila jina lake, na amenipa ruhusa. Bwana wake alibaki ndani ya shimo mwaka 2020. Wengine wanne walitoka, yeye hapana. Kulikuwa mvua, na wale wanaochimba wanajua mvua inafanya nini kwa shimo lisilo na miti ya kulishika. Mwaka uliofuata mama huyo alikuja kwangu asubui mapema, simu ya bwana wake imefungwa ndani ya kitenge. Mgongo wa simu ulikuwa umevimba mpaka kioo kimeanza kuachana na mwili. Tangu siku tatu haikuwaka. Jirani amemwambia atoboe pale palipovimba kwa sindano ili hewa itoke, kama kidonda chenye usaha.

Akaniambia: «Pasta, foto ya bwana wangu yote iko mu hii simu. Kama inakufa, ni kusema naye anakufa mara ya mbili.»

Nikamwomba sindano ile. Msomaji, sikia vizuri: batri iliyovimba imejaa hewa inayowaka, na ngozi ile nyembamba inayotenga pande mbili imekwisha kuchoka. Ukitoboa, pande mbili zinagusana, na moto unatoka palepale mkononi mwako. Moshi wake ni sumu. Batri iliyovimba haitobolewi, haibanwi, haijazwi umeme tena hata dakika moja.

Tulikwenda sokoni kwa kijana mmoja anayetengeneza simu, anaimba katika kwaya yetu. Aliitazama bila kuigusa kwanza. Akasema: «Mama, ungeitia tena kwenye umeme, tungekuja kwako kwa kilio.» Akaifungua polepole kwa kijiti cha plastiki, si kwa bisu, akatoa batri, akaitia ndani ya kopo la mchanga mkavu nje ya mlango. Halafu akatafuta batri ya simu nyingine ya namna ile ile, iliyovunjika kioo lakini yenye moyo mzima. Bei yake ilikuwa kama ya kuku mmoja. Simu ikawaka.

Hapo ndipo taabu ya pili ilipokuja. Simu iliomba alama ya kufungulia, ile ya kuchora kwa kidole. Mama hakuijua. Alijaribu mara mbili, na kijana akamwambia aache, kwa sababu ukikosea mara nyingi inajifunga. Tulibaki tumekaa. Binti yake wa miaka tisa, aliyekuja naye, akasema kwa sauti ndogo: «Miye najua. Papa alikuwa anafanya hivi.» Akachora. Ikafunguka.

Kulikuwa foto zaidi ya mia mbili, nyingi za watoto, za mpira, za shimo lenyewe. Na kulikuwa sauti moja aliyomtumia bibi yake siku moja kabla ya kufa. Anasema gari limechelewa, wamwekee bukari, watoto wasimngoje. Ni hiyo tu. Mama aliisikiliza mara tatu, halafu akaomba kijana aizime.

Siku hiyohiyo tuliandika vyote juu ya kadi mbili. Moja aliibeba mama, moja alipewa ndugu ya bwana wake anayekaa Lubumbashi. Na foto sita zilitolewa juu ya karatasi kwa mpiga picha, kwa sababu karatasi haina alama ya siri wala haiombi umeme.

Hapa niseme neno moja kwa mabwana. Alama ya simu yako, bibi yako anaijua? Nasikia wengine wanakohoa. Sitaki kuingia katika mambo ya siri zenu leo, kurasa hazitoshi. Lakini wewe unayeshuka shimoni, ao unayeendesha lori barabarani usiku, na falanga za nyumba ziko ndani ya simu, jua kwamba siku moja mtu mwingine atahitaji kuifungua. Asiwe mtoto wa miaka tisa peke yake anayejua.

Jambo la kompyuta halitofautiani. Makanisa mengi sasa yana kompyuta moja ya kubeba, iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na batri yake imekwisha kufa tangu zamani. Inafanya kazi tu kama imeshikana na waya. Umeme ukikatika wakati mwandishi anaandika, kitabu chote alichofungua kinaweza kuharibika, si mstari ule wa mwisho tu. Katika parokia yetu wazee wengine walitaka buku kubwa la ubatizo na la ndoa liwekwe pembeni, kwa kuwa kila kitu kimeingia kwenye kompyuta. Nilikataa, na wengine waliniita mtu wa zamani. Sasa ni sheria yetu: jina linaandikwa kwanza kwa kalamu, halafu kwenye mashine, na kila mwisho wa mwezi mwandishi anatoa nakala kwenye kle ya USB inayokaa nyumba nyingine, mbali na ofisi. Mwezi wa tatu uliopita mjane mmoja alitafuta tarehe ya ndoa yake kwa ajili ya mambo ya pensheni ya bwana wake. Kompyuta siku hiyo haikuamka. Tarehe tuliipata kwenye buku, ukurasa umekulwa kidogo na mende pembeni, lakini namba zilionekana.

Kwa habari ya kadi na kle, jihadari unaponunua. Kuna zile za bandia zinazojisema zina nafasi kubwa, na kumbe ndani ni ndogo sana. Zinapokea foto zako bila kulalamika, halafu ukizifungua unakuta foto ni za kijivu, tupu. Ukinunua mpya, ijaze kwanza na vitu visivyo na bei, uvifungue vyote, ndipo uiamini. Wengine wanauliza kama haifai kutuma foto kwa intaneti zikae huko. Inafaa, na ni salama kuliko droo yako, kama unajua neno lako la siri na unaweza kulipa mega. Kwa jamaa nyingi mega ni chakula. Basi tuma zile kumi ao ishirini ambazo moyo wako hauwezi kukubali zipotee, na nyingine ziwe kwenye kadi.

Inabaki batri zenyewe zilizokufa. Usizitupe motoni. Usizitupe ndani ya choo wala katika shamba la mboga. Na watoto wasizipasue kutafuta kilicho ndani, nimewaona wakifanya hivyo nyuma ya soko kwa mawe. Ziweke ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na jiko, na moja isigusane na nyingine, mpaka upate mtu anayezikusanya. Yule kijana wa kwaya sasa anazipokea bila malipo, na watu wanaleta hata za mitaa mingine. Nilipopita kwake juma lililopita kopo la kwanza lilikuwa limejaa, ameanza la pili. Akaniuliza: «Pasta, hii kobalti ya ndani njo ileile yetu?» Nikamwambia, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Akazitia mchanga, akarudi kwenye kazi yake, kwa sababu kulikuwa watu watatu wanaongoja.