Swali la "Unatoka Wapi?"

Leo nataka tuongee juu ya swali ambalo kila mkimbizi wa Kampala analijua: "Unatoka wapi?" Mwenye nyumba analiuliza, polisi analiuliza, ofisini wanaliuliza. Likija tu, tumbo linakaza. Wengine tumezoea kujibu "Natoka Katwe" halafu tunanyamaza.

Mimi huwa nasindikiza watu wetu hospitali kuwatafsiria. Siku moja nilikuwa na mama mmoja kutoka Masisi na mtoto wake wa miaka sita. Taya limevimba, kope la jicho moja limeanguka. Daktari akauliza: mtoto alizaliwa wapi, ameishi wapi, alifika Uganda lini? Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, anauliza hivyo ili atufukuze?"

Nikamwambia, "Hapana mama, hapa swali ni la ugonjwa." Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo.

Mwaka 1957, hapa hapa Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Muda mfupi baadaye akaona mwingine kama huyo Jinja. Angeweza kusema ni bahati mbaya tu, basi. Lakini akaanza kuuliza: hawa watoto wanatoka wapi? Akatuma barua na picha kwenye hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, wakapanda gari kuukuu, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilomita 16,000. Kila hospitali swali ni lile lile: mmewahi kuona uvimbe huu?

Ramani ikajibu. Ugonjwa ulikuwa mwingi sehemu za joto na mvua, na haba kwenye milima ya baridi, karibu sawa na malaria. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege toka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona ndani yake kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Wakati ule Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, kwa hiyo walijaribu dawa, na uvimbe wa watoto wengi ukayeyuka. Mwaka 1967 kikafunguliwa kituo cha matibabu, ambacho leo ni sehemu ya Uganda Cancer Institute. Hapo wakakutana na shida nyingine: kansa hii hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kope linaanguka, au miguu inapooza. Na dawa ya kwenye mshipa haifiki vizuri kwenye ubongo, kwa sababu ubongo una kinga yake. Ndiyo maana wanapima maji ya mgongo, na dawa nyingine wanaichoma humo humo.

Ugonjwa unaitwa kwa jina la Burkitt. Majina ya wale watoto wengi hatuyajui. Lakini bila majibu ya mama zao, ramani ile isingekuwepo.

Basi yule mama alijibu yote: kijiji, kambi, miezi, homa za mtoto. Daktari aliandika ukurasa mzima. Mtoto alichukuliwa kipande cha uvimbe na maji ya mgongo, akaanza dawa. Safari bado ndefu, lakini kope limeanza kupanda.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na wakimbizi: mkituuliza tunatoka wapi, tuambieni kwanza kwa nini mnauliza. Ni sentensi moja tu, na woga unapungua.

Na sisi vijana: mtoto akivimba taya, akianza kuona viwili viwili, akitapika kila asubuhi na kichwa kinamuuma, au akipata degedege bila homa, tusianze na habari za kurogwa. Twende hospitali mapema. Na pale tukiulizwa "Unatoka wapi?", tujibu kwa urefu, toka kijiji cha kwanza. Huenda dawa ikaanzia kwenye jibu hilo.