Mpishi wa Kambi ya Juu

Mlima Kilimanjaro nimeupanda miaka mingi, lakini kileleni nimefika mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mpishi hana shughuli kwenye kilele cha Uhuru. Kazi yake inaishia kambi ya Barafu au Kibo, mita 4,700 hivi, pale ambapo wageni huondoka usiku wa manane na kurudi asubuhi wakiwa hawawezi hata kufungua kamba za viatu.

Nilianza kama mgumu, ndivyo sisi wapagazi tunavyoitana. Kidato cha nne nilikimaliza Kibosho bila cheti cha kujivunia, na mlima ulikuwa ajira ya karibu. Sikuupenda. Kilo 20 za mgeni kichwani, begi langu mgongoni, na akili yote iko kwenye nauli ya kwenda Dar. Aliyenigeuza ni mzee mmoja mpishi. Alinichukua jikoni kwa sababu tu aliona nanawa mikono bila kuambiwa.

Mzee yule alikuwa mkali. Mgeni akifika kambini, maji ya moto ya kunawa yawe tayari, chai na bisi ziwe mezani kabla hajakaa. Na mgeni huondoka asubuhi sisi bado tunaosha vyombo na kukunja mahema, kwa hiyo ilibidi tumpite njiani na mizigo yetu. Nikanung'unika siku moja.

"Kijana," akaniambia, "mtu amefika kwako amechoka, utamwambia asubiri?"

Nikanyamaza. Bibi yangu angesema hivyohivyo. Kihambani kwake hakupita mtu akaondoka na tumbo tupu.

Kupika kule juu ni elimu. Barafu hakuna maji, wagumu huyabeba kutoka bonde la Karanga. Kuni zimekatazwa, tunategemea mtungi wa gesi. Na kwenye mwinuko ule maji huchemka yakiwa na nyuzi 85 tu au hata pungufu. Yanatokota vizuri, unayaona, lakini maharage yanabaki mawe. Kwa hiyo maharage tunayamaliza kabisa kabla ya kupanda, na wali ni wa sufuria ya presha. Tatizo kubwa zaidi ni mgeni mwenyewe, kwa sababu mwinuko unaua hamu ya kula. Nyama ya kukaanga anaitazama kama adui. Nilijaribu supu za kila namna hadi nikarudi nyumbani: mtori, ndizi na nyama zilizopondwa hadi zikawa laini, chakula anachopewa mzazi kwetu Uchagani. Kinateremka bila kutafunwa sana.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Uholanzi, alikuwa amekataa kila sahani tangu kambi ya chini. Waongozaji walishaanza kuzungumzia kumteremsha. Nikampelekea mtori kwenye bakuli dogo, nikamwekea na kipande cha limau. Akala. Jioni akala tena. Alipotoka kileleni siku iliyofuata watu walimpigia makofi na kumwimbia. Akawapita wote, akaja moja kwa moja kwenye hema la jikoni kuomba bakuli jingine. Habari za kwenda Dar ziliishia hapo.

Watu wa mlimani wana mashujaa wao. Waongozaji humtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesifiwa kwa kumwongoza Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Wazee wengine humtaja Luteni Alexander Nyirenda, aliyepeleka bendera na mwenge kileleni tulipopata Uhuru mwaka 1961. Nawaheshimu wote. Wa kwangu ni Mwini Amani, mtu wa Pangani.

Meyer alikuwa ameshajaribu mwaka 1887 akashindwa. Safari ya 1889 alipanga kambi kwa ngazi, chakula kikawa kinapandishwa kutoka Marangu. Kambi ya juu alibaki na Purtscheller na huyu Mwini Amani, aliyelinda hema na moto. Fikiria mtu wa pwani kwenye baridi ile! Tarehe 3 Oktoba wazungu walifika ukingo wa kreta, wakaishiwa nguvu, wakarudi. Siku tatu baadaye wakafika juu kabisa. Vitabu husimulia barafu waliyokata kwa shoka. Mimi, kwa jicho la jikoni, naziangalia zile siku za katikati: waliteremka kwa nani, wakala nini, nani aliweka moto hai hadi wakapata miguu tena.

Siku hizi magoti yamekataa, napika kwenye nyumba ya wageni Marangu na kufundisha vijana. Huwasimulia habari za Mwini Amani wakati tunamenya ndizi. Juzi mmoja akaniuliza kama Meyer alimpa bakshishi ya maana. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, kisha nikamwambia aongeze mkaa, gari la wageni limeshaingia getini.