Likizo ya Wachapa Kalenda

Kwenye biashara ya uchapaji, hapa Kariakoo, Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mavuno. Benki, SACCOS, kanisa, msikiti, kila mmoja anataka kalenda yake kabla mwaka haujageuka. Desemba hiyohiyo kijana wetu wa Rombo anataka awe kwao, maana Mchagga asipoonekana nyumbani Krismasi ana maelezo ya kutoa. Na fundi wetu mkuu wa mashine, mzaliwa wa Newala, korosho zake zilikuwa zikidondoka wakati uleule. Kwa hiyo sisi tuliowachapia wenzetu sikukuu kwa wino mwekundu, wenyewe tulizisikia redioni.

Nilianza kazi hapa miaka ya tisini nikiwa karani, na kaunta buku ya mahudhurio ilikuwa mikononi mwangu. Enzi hizo ili upumzike ilibidi uwe na shida. Mtu alimwendea mwenye mali, ambaye sote tulimwita Mzee: "Shikamoo Mzee. Kuna tatizo nyumbani." Mzee akauliza nani, lini, basi la saa ngapi. Aliyechoka tu hakuwa na la kusema. Basi bibi za watu wakawa wanafariki mara mbilimbili, nami nikiandika "msiba" mbele ya jina la mtu ambaye bibi yake niliwahi kumzika mimi mwenyewe kwenye daftari lilelile. Sikuwalaumu. Ukimtaka mtu apatwe na balaa ndipo alale, atalitunga.

Afya nayo ilikuwa maziwa. Rola zilisafishwa kwa petroli na thina, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiguse karatasi, kisha jioni kila mtu wa mashine akapewa pakiti ya maziwa "ya kuondoa sumu". Maziwa hayaendi kwenye mapafu. Walichohitaji ni feni ya kutoa hewa nje, nayo ilichelewa sana kuja. Ilipofungwa, maziwa bado waliyadai, na mpaka leo wanapewa.

Kilichombadilisha Mzee si afisa kazi wala semina. Ni kadi za harusi. Msimu mmoja fundi wa Newala alikuwa anakesha, analipwa ovataimu, na miaka imepita hajaliona shamba lake. Usiku mmoja kava zenye majina ya maharusi wa Ilala zikachapwa ndani mwaliko wa maharusi wa Kimara. Hakuna aliyeona mpaka mwenyekiti wa kamati alipokuja kuchukua mzigo. Mke wa Mzee, ambaye ndiye aliyeshika fedha, akapiga hesabu: karatasi, wino, pleti, kazi ya usiku mara mbili. Akamgeuzia kikokotoo. "Mume wangu, hapa ungemlipa likizo yake na nauli ya Newala, na chenji ingebaki."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikuwa imeshaanza kutumika: siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa humohumo. Mke wa Mzee akaisoma yote, kisha akanituma stoo nilete kalenda moja iliyoharibika. Tulikuwa nazo nyingi. Ile Februari yake ilitoka na siku 30. Tukaibandika mlangoni, kila jina na wiki zake.

Nilidhani watashangilia. Fundi mkuu akanuna. Akaniita pembeni: "Mdogo wangu, nikiondoka siku 28 na mashine ikatembea, nikirudi nitakuwa nani?" Hakuwa mjinga. Mashine ile ya Heidelberg aliijua kwa sikio. Rola alizirekebisha mwenyewe, na msaidizi akisogea kutazama alitumwa sigara. Ufundi alioufunika ndio uliokuwa bima yake, nyingine hakuwa nayo. Nadhani kalenda ya mlangoni ilipata nguvu siku Mzee alipomwandikia barua: anabaki msimamizi, na kwa kumfundisha kijana atapata posho. Akaondoka mwezi wa sita, wakati wa kupulizia mikorosho salfa, mavuno akiwaachia ndugu zake. Alipiga simu kila asubuhi kuuliza mashine inaendeleaje. Kusikia kwamba inaendelea vizuri hakukumfurahisha sana.

Mengine yakafuata. Dada wa kubaindi alipojifungua mapacha, nikamwonyesha Mzee kwamba siku 84 za uzazi zinakuwa 100. "Hawa wamehesabu mpaka mapacha!" akasema, akasaini. Msiba ndio uliotusumbua. Sheria inatoa siku 4 ukifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu yako wa kuzaliwa. Mjomba hayumo, baba mdogo hayumo, na basi la Songea kwenda na kurudi linakula mbili. Hapo Mzee aliitanua mwenyewe: baba mdogo ni baba. Nilitarajia misiba iongezeke. Ikapungua, pamoja na zile ED za Jumatatu, ruhusa za ugonjwa za daktari.

Siku hizi anayeendesha ni binti wa Mzee, na kalenda ya likizo imehamia kwenye simu. Dizaina akienda Moshi, kundi la WhatsApp linamfuata mpaka kihambani: "Kaka, faili la kadi liko wapi?" Siku akijibu, namwandikia kuwa alikuwa kazini. Bosi alinuna mwanzoni, sasa amezoea.

Waliobaki bila likizo ni deiwaka, vibarua wa siku. Wanakuja msimu wa kalenda kutoboa na kufungasha, wanarudi kwenye mabango ya kampeni, wanapotea tena. Wana ukurasa wao nyuma ya kaunta buku: jina, siku, posho, sahihi. Lakini sheria inajumlisha vipindi: aliyefanya kazi kwako zaidi ya mara moja, jumla ikizidi miezi 6 ndani ya mwaka, anastahili likizo ya malipo. Safari hii nimewajumlishia, na wawili wamevuka. Nimempelekea bosi, akasema tulizungumze kalenda zikiisha. Nikamwambia kalenda zikiisha watakuwa wameshaondoka.